Kumchagulia mtoto mbwa: anza na mtu atakayemlisha

Mtoto akishaingiwa na hamu ya mbwa, nyumba haitulii. Ataomba asubuhi akivaa viatu vya shule, ataomba tena jioni, ataapa kwamba atamwogesha, atamlisha na kuzoa mavi yake. Mwishowe mzazi anapiga hesabu ya harakaharaka: wezi mtaani wapo, mtoto anataka mbwa, basi tununue German Shepherd mmoja amalize yote mawili. Hesabu hiyo ndiyo inayozaa mbwa wengi wanaoishia kwenye mnyororo nyuma ya jiko, na mtoto anayepita mbali akielekea bombani.

Ninawaandikia wazazi wa miji yetu, Dar, Arusha, Mwanza, Nairobi, Mombasa na kwingineko, ambao hawajawahi kufuga mbwa au wamefuga wa ulinzi tu. Msimamo wangu niuweke wazi mapema: mbwa wa mtoto hayupo. Yupo mbwa wa nyumba, mwenye mtu mzima anayemmiliki, na mtoto anaruhusiwa kuwa rafiki yake. Ukianzia hapo, maswali mengi yanayowasumbua watu, hasa la aina gani ni nzuri, yanapungua uzito.

Hatua ya 1: Mpate mwenye mbwa

Mbwa huishi miaka 10 hadi 13, na wadogo wa umbo hufika hata 15. Mtoto aliye darasa la pili leo atakuwa anamaliza sekondari wakati mbwa huyo ana mvi mdomoni. Katikati hapo kuna mitihani, bweni, mpira na simu. Mtoto wa miaka minane anapoahidi anasema kweli, ila ahadi yake haiwezi kubeba miaka kumi, na hupaswi kumlaumu kwa hilo.

Kwa hiyo jiulize: saa kumi na mbili asubuhi, mtoto akiwa kwenye basi la shule, ni nani hasa atakayeweka chakula kwenye bakuli? Taja jina. Katika nyumba nyingi jina hilo ni la dada wa kazi, na dada mwenyewe hajaulizwa. Muulize. Huenda anaogopa mbwa tangu utotoni, na mbwa hutambua upesi mtu anayemwogopa. Huenda ni Mwislamu, na Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayooshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba anaruhusiwa. Anayelala sebuleni na kulamba vyombo ni habari nyingine. Kama nyumba yako ni ya Kiislamu, hayo unayajua kuliko mimi. Kama siyo, jirani yako anayajua, na mbwa anayevuka kwenda barazani kwake wakati mzee ametoka kutawadha atakuletea ugomvi usiokwisha.

Ukishamaliza na watu wa nyumbani, zungumza na mwenye nyumba. Mpangaji asiyeuliza mapema huja kuchagua kati ya mbwa na chumba, na anayehama huwa ni mbwa.

Gharama nitazipitia kwa kasi kwa sababu zinatofautiana mno kati ya mji na mji. Bei ya kumnunua ni mwanzo tu. Baada yake zinakuja chakula cha kila siku, chanjo za kila mwaka, dawa ya minyoo, dawa ya kupe na viroboto, banda lisilovuja, na akiba ya siku atakapougua ghafla Jumapili usiku. Mwulize daktari wa mifugo wa eneo lako akupigie hesabu ya mwaka mmoja kwa mbwa wa kilo 10 na kwa mbwa wa kilo 40. Kuna watu hubadili mawazo yao papo hapo, na hilo si jambo baya.

Hatua ya 2: Amua kazi yake kabla hujamwona

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye mzizi wa mambo.

Mlinzi wa kwetu hutengenezwa hivi: anafungiwa bandani mchana kutwa, haoni wageni, anachokozwa kwa fimbo ili awe mkali, wengine humlisha pilipili wakiamini inampandisha hasira, kisha saa nne usiku anafunguliwa. Mbwa aliyelelewa namna hiyo anawajua watu wanne au watano duniani. Wengine wote ni maadui. Mtoto wako huenda akawa miongoni mwa hao watano, lakini rafiki yake wa shuleni hayumo, binamu aliyekuja likizo hayumo, na mtoto wa jirani aliyeruka ukuta kufuata mpira ndiye kabisa. Tena watoto wana mienendo inayomchanganya mbwa wa bandani: wanakimbia, wanapiga kelele za sauti nyembamba, wanaanguka, wanainuka. Mbwa asiyewazoea watoto huona kitu cha kukimbizwa.

Usijidanganye kwamba hatari iko kwa mbwa wa mitaani peke yao. Watoto walio wengi huumwa na mbwa wanaowafahamu, wa kwao au wa jirani.

Sasa fikiria wezi unaowaogopa ni wa namna gani. Kama ni kijana anayepita usiku kuangalia ndoo, nguo kwenye kamba na betri ya gari, anachokichukia ni kelele. Karibu mbwa yeyote aliyekomaa, hata yule anayelala na watoto kibarazani mchana, atabweka mtu akigusa geti usiku wa manane. Anaijua nyumba yake na anawajua watu wake. Ulinzi huo unazitosha nyumba nyingi. Ukihitaji mbwa wa kushambulia, hilo ni jambo la mafunzo na mwongozaji maalumu, na mbwa huyo akae upande ambao watoto hawafiki. Usitafute mmoja wa kufanya kazi zote mbili. Muuzaji akikwambia, “Bosi, huyu ana hasira kidogo, lakini na watoto hana neno,” mshukuru uende zako.

Hatua ya 3: Pima umri na tabia ya mtoto

Chini ya miaka minne, subiri. Mtoto wa umri huo hushika masikio, huvuta mkia, hulala juu ya mbwa aliyelala, na uso wake uko usawa wa mdomo wa mbwa. Ndiyo maana watoto wadogo wakiumwa, majeraha huwa kichwani na shingoni. Kuna jambo jingine lisilojulikana sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, waliwaonyesha watoto wadogo picha za mbwa aliyekenua meno kwa hasira, na wengi wao wakasema mbwa anacheka. Kwa mtoto wa miaka mitatu, meno yakionekana ni tabasamu. Huwezi kumlaumu, wala huwezi kumfundisha kwa siku moja.

Kati ya miaka mitano na tisa anaweza kuwa na mbwa ikiwa kila mara wako pamoja mbele ya mtu mzima. Kuwa mbele yao maana yake ni kuwatazama, maana mzazi aliyekaa kochi moja nao huku yuko kwenye simu hajawaangalia. Kazi anazoziweza umri huu ni kujaza maji, kupiga nywele brashi, kuhesabu siku za dawa kwenye kalenda. Kuanzia miaka kumi hivi anaweza kumwongoza mbwa wa wastani kwa kamba, kumfundisha kukaa na kuja akiitwa, na hapo ndipo urafiki wenyewe unapokolea.

Umri si kila kitu. Mtoto mkimya wa miaka sita anayeweza kuambiwa “acha” akaacha, ni salama kuliko wa miaka kumi na moja asiyesikia. Na mtoto anayeogopa mbwa asinunuliwe mbwa ili “azoee”. Mpeleke kwanza kwa ndugu au rafiki mwenye mbwa mzee, mtulivu, wakae mbali, wasogee polepole kwa siku nyingi.

Hatua ya 4: Aina, kwa ufupi unaostahili

Mbwa wa kienyeji tunamdharau bure. Ana umbo la wastani, nywele fupi zinazofaa joto letu, hali chakula kingi, na hana yale maumbile ya kupindukia yanayowapa mbwa wa kizungu matatizo ya nyonga na ya kupumua. Akichukuliwa mdogo na kulelewa ndani ya familia huwa mwepesi wa kujifunza na mwaminifu ajabu. Hasara zake: huwa na mashaka na wageni akikosa kuzoeshwa mapema, na ana tabia ya kuzurura geti likiachwa wazi. Na wale wanaosema hahitaji chanjo kwa kuwa “amezoea” wanakosea. Parvo, ugonjwa wa virusi unaomharisha mbwa damu, na kichaa cha mbwa havibagui.

Labrador na Golden Retriever wana sifa ya upole na watoto, na kwa kiasi kikubwa wanastahili. Lakini Labrador aliyekomaa hufika kilo 30 na zaidi, na katika miaka miwili ya mwanzo hajui kwamba ni mkubwa: atamwangusha mtoto wa miaka mitano kwa furaha tu, mara tatu kwa siku. Anahitaji kukimbizwa. Golden, kwa manyoya yake marefu, anapata tabu Dar na Mombasa. Arusha, Nairobi au Mbeya hali ni nafuu.

German Shepherd ni mbwa mwenye akili, na akilelewa vizuri anaishi na watoto bila shida. Tatizo la kwetu ni kwamba wengi wanaouzwa kwa jina hilo ni chotara wa wazazi waliochaguliwa kwa ukali wao. Usimkatae kwa jina, mtazame mama yake. Rottweiler na Boerboel siwashauri kwa mtu anayefuga mara ya kwanza akiwa na mtoto mdogo. Wapo walio wapole kabisa, ila mbwa wa kilo 50 akikosea mara moja, kosa lake haliwi dogo.

Vijibwa vya fleti, Maltese, Japanese Spitz na Chihuahua, vinavutia macho, na Spitz ndiye ninayemwona anazimudu vurugu za watoto kuliko wenzake. Chihuahua mifupa yake ni myembamba. Akiponyoka mikononi mwa mtoto anavunjika mguu, na kwa kuwa anaishi kwa hofu ya kukanyagwa, huuma upesi. Mbwa wa pua fupi kama Pug hupumua kwa shida kwenye joto, na kumfuga pwani bila kiyoyozi ni kumtesa. Husky mwenye manyoya ya nchi za barafu, anayehemea kwenye roshani ya Kinondoni au Kilimani, sina la kumwambia mwenyewe ila aibu.

Na kwa anayeishi palipobanana na majirani wasiopenda kelele: Basenji, anayetoka misitu ya Kongo, habweki kama mbwa wengine, hutoa sauti kama anayeimba. Ni msafi kama paka. Lakini ni mkaidi, na hapendi kushikwashikwa ovyo, kwa hiyo mfikirie ikiwa mtoto wako amefika umri wa sekondari.

Hatua ya 5: Mdogo au aliyekomaa?

Watu wote hutaka mtoto wa mbwa, wakidhani atakua pamoja na mtoto wao. Wanasahau kwamba hadi miezi sita hivi anabadilisha meno na kutafuna kila kitu, vidole vya miguu vikiwemo, kwamba atakojoa ndani, na kwamba tabia yake ya ukubwani bado haijulikani. Mbwa wa miaka miwili au mitatu aliyekwisha kuishi na watoto amekwisha kukuonyesha alivyo. Kwa nyumba yenye shughuli nyingi, mimi ningechukua huyo bila kusita. Nairobi unaweza kuanzia kwa KSPCA, chama cha kuwatunza wanyama, ambacho huwatafutia makao mbwa walioachwa. Kwingineko waulize madaktari wa mifugo, huwa wanajua nani anahama nchi na anatafuta wa kumwachia.

Jike au dume? Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyosema. Jike asiyefungwa kizazi hupata joto karibu kila miezi sita, kwa wiki tatu hivi, anatoka damu na madume wa mtaa mzima wanalala getini kwako. Dume asiyehasiwa ndiye atakayekuwa analala kwenye mageti ya wengine. Wafunge kizazi kwa wakati atakaokwambia daktari, habari iishe.

Hatua ya 6: Nenda ukamwone, mara mbili

Usinunue mbwa barabarani kwenye foleni ya magari. Kijibwa kile kimewekwa kwenye kikapu juani tangu asubuhi, mama yake humjui, umri wake unatajwa kwa kubahatisha, na virusi vya parvo huchukua siku chache kujitokeza: unafika naye nyumbani akiwa mchangamfu, wiki haijaisha anaharisha damu mbele ya mtoto aliyekwisha kumpa jina.

Nenda alikozaliwa. Safari ya kwanza mwache mtoto nyumbani, kwa sababu atachagua wa kwanza kumlamba au yule mnyonge kuliko wote kwa kumwonea huruma, na wewe hutakuwa na ubavu wa kusema hapana.

Omba kwanza kumwona mama. Mama mwenye watoto kuwa na wasiwasi kidogo ni kawaida, hivyo omba atolewe pembeni, mbali nao. Je, anakuja kukunusa? Anakubali mwenyewe amshike masikio mbele yako? Kama anatetemeka ukutani au anakurukia hadi mnyororo unakaza, usiendelee. Woga na ukali hurithiwa kwa sehemu, na sehemu nyingine watoto wameiona kwa macho yao. Uliza pia wanalelewa wapi. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mbwa anapojifunza dunia ina nini ndani yake: watu, redio, sufuria zinazogongana, watoto, kuku. Waliokulia uani karibu na jiko wamekwisha kuyajua. Waliofungiwa kwenye banda la mbali wataanza kujifunza kwako, wakiwa wamechelewa. Na usikubali kupewa wa wiki tano. Asitoke kwa mama kabla ya wiki 8, kwa sababu ni ndugu zake wanaomfundisha kuuma kwa kiasi: akizidisha, mwenzake analia na mchezo unakatika.

Kisha chuchumaa chini uani, nyamaza, usimwite yeyote. Mmoja atakuja mbio na kung’ang’ania kamba za viatu vyako, akiwasukuma wenzake. Mwingine atajibanza nyuma ya ndoo na kubaki huko. Katikati yao kuna mmoja au wawili wanaokuja, wanakunusa mkono, wanatikisa mkia wote na kiuno pamoja, wanaondoka kucheza, halafu wanarudi tena. Hao wa katikati ndio wako. Mnyanyue mmoja kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Akipinga kidogo kisha akalegea, vizuri. Mshike unyayo, bonyeza taratibu katikati ya vidole: kuvuta mguu si neno, kugeuka na kuuma kwa nguvu ni neno. Mwisho angusha funguo sakafuni hatua mbili kutoka alipo. Wote watashtuka. Unamtaka yule anayeshtuka, anasita, halafu anarudi kunusa kilichoanguka. Majaribio haya hayatabiri maisha yake yote, maana mbwa hubadilika anavyokua. Yanakusaidia tu kuwaacha wale wa pembeni kabisa.

Kabla hujatoka, mkague. Macho maangavu bila matongo, pua isiyotoa usaha, fizi za rangi ya waridi. Fizi nyeupe mara nyingi ni minyoo, au damu iliyonyonywa na kupe. Tumbo lililovimba kama mpira huku mbavu zinahesabika, ni minyoo pia. Inua mkia: pawe pasafi, pakavu. Fungua vidole vyake, chungulia masikio, ndimo kupe wanamojificha. Vijivimbe vyenye tundu katikati huwa ni funza wa nzi wa embe, hutolewa, visikutishe sana.

Kwa mbwa mkubwa, maswali ni mawili: kwa nini mnamtoa, na amewahi kumuuma mtu? Majibu yasikilize, kisha kamuulize jirani. Omba mwenyewe amlishe mbele yako na kupita karibu na bakuli. Mbwa anayekaza mwili, akashusha kichwa na kuacha kutafuna huku akikutazama kwa jicho la pembeni lenye weupe mwingi, anasema “usisogee”. Hata kama hajanguruma, nyumba yenye mtoto haimfai.

Safari ya pili nenda na mtoto. Akae chini, mikono mapajani, mbwa ndiye amfuate. Hapa mtazame mbwa kidogo, mtazame mtoto wako zaidi. Akimkumbatia kwa nguvu, akimkimbiza, na ukimwambia “mwache apumzike” haambiliki, rudini nyumbani bila mbwa. Mwakani mtoto atakuwa amebadilika.

Hatua ya 7: Kadi, sindano na minyoo

Kadi ya chanjo iwe na tarehe, stika ya chupa ya dawa na muhuri wa daktari. “Amechanjwa” la mdomoni lichukulie kama hajachanjwa. Chanjo ya mchanganyiko, inayokinga parvo na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa), huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Katika maeneo mengi chanjo hii hutolewa bure karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Uliza kwa afisa mifugo wa kata au wadi yako.

Minyoo ya mbwa humpata mtoto pia, kwa sababu mayai yake hukaa kwenye mchanga anaouchezea. Mbwa mdogo hupewa dawa kila wiki mbili hadi afikishe miezi mitatu, kila mwezi hadi miezi sita, baadaye kila miezi mitatu. Mavi yazolewe kila siku. Na usimpe mapafu au maini mabichi ya buchani, hasa yenye malengelenge ya maji: humo mna tegu ambaye akipita kwa mbwa na kumfikia binadamu huota uvimbe mkubwa kwenye ini. Watu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, wameujua ugonjwa huo kwa muda mrefu. Chemsha vizuri, changanya na ugali wa dona na dagaa, anakula vizuri kabisa. Mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu na chokoleti visimfikie.

Kisha mfundishe mtoto jambo moja kabla ya yote: akiumwa au kuparuzwa na mbwa yeyote, hata wa kwenu, hata kidogo, aseme siku hiyohiyo, na hatapigwa wala kugombezwa. Watoto huficha kwa kuogopa fimbo, au kwa kuogopa mbwa wao atauawa, na kichaa cha mbwa dalili zikishatokea hakina tiba. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, lisipakwe mafuta, majivu wala pilipili, na aende hospitali siku hiyo hiyo kupimwa kama anahitaji sindano. Mbwa asiuawe, afungiwe na aangaliwe kwa siku 10, akibaki mzima daktari anajua la kufanya.

Hatua ya 8: Wiki za mwanzo nyumbani

Mlete siku ambayo hamna sherehe wala wageni. Aandaliwe pembe yake, yenye kivuli, ambayo mtoto haruhusiwi kuingia. Mbwa mwenye mahali pa kukimbilia hana sababu ya kujitetea kwa meno. Sheria za mtoto ziwe chache azikariri: usimguse akila, usimguse akilala, usimpande mgongoni, usimkumbatie shingo, mwite aje badala ya kumfuata. Mbwa akisisimka na kumrukia, mtoto asikimbie. Asimame kama mti, akunje mikono, atazame chini. Mbwa huchoka na mti upesi sana.

Wewe jifunze dalili za mwanzo, maana kunguruma ni za mwishomwisho. Mbwa anayepiga miayo na hana usingizi, anayelamba midomo na hakuna chakula, anayegeuza uso mtoto akimkaribia, anaomba nafasi. Mpe. Na asipigwe kwa kunguruma: ukimfundisha kwamba kunguruma kunaleta kipigo, kesho atauma kimyakimya.

Kabla ya kulipa, kubaliana na aliyekupa kwamba kuna mwezi mmoja wa kumrudisha ikishindikana. Ikifika wiki ya tatu na bado anakakamaa kila mtoto anapopita, mpeleke kwanza kwa daktari. Sikio linalouma au jino bovu humfanya mbwa mpole kuwa mkali. Akionekana mzima na hali ni ileile, mrudishe, au mtafutie nyumba ya watu wazima watupu. Mtoto mweleze wazi mbwa amekwenda kwa nani. Usimwambie “ametoroka”, kwa sababu atatoka kwenda kumtafuta, na atamkaribia kila mbwa mtaani anayefanana naye.